Moshi wa Nyumba ya Padri

Asubuhi ya kwanza ya Mei iligoma kuendelea, na kila mtu kijijini alijua hakika kwamba kosa ni la jirani yake.

Jua lilikuwa limepanda hadi juu ya jiwe liitwalo Nundu, likaatamia hapo kama kuku juu ya mayai, lisisogee. Maji hayakujaa wala hayakupwa. Ng'ombe wa Gobnait alikuwa na tone moja la maziwa kwenye chuchu, jeupe, nono, lisilodondoka wala kurudi lilikotoka. Kunguru alisimama juu ya ukuta wa mawe, mdomo wazi, na mlio wake bado uko njiani. Usishangae. Kijiji kile kiko mwisho kabisa wa kisiwa cha mvua, pale ardhi inapochoka kuwa ardhi. Watu wake husema Kiairishi, na bahari, ambayo haina la kufanya, huwajibu kwa lugha hiyohiyo. Mahali kama hapo muda haujipitii tu. Husimama mlangoni kama mgeni mwenye adabu, ukingoja kuambiwa karibu.

Siku hiyo, karibu yenyewe ni moshi.

Desturi ni hii. Katika nyumba zile moto hauzimwi kamwe. Usiku makaa hufukiwa majivuni, yakaombewa, yakalala. Asubuhi mama wa nyumba huyafukua na kuyalisha vipande vya mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa kwa jembe na kuanikwa mpaka ukawa kuni, maana miti huko ni adimu kuliko ukweli. Moto wa Gobnait ulizaliwa na moto wa mama yake, uliozaliwa na moto wa bibi yake. Ukoo wake ulikuwa mrefu kuliko ukoo wa mumewe. Lakini siku ya kwanza ya Mei, dohani itakayotangulia kutoa moshi huonwa na Wale. Wale hawatajwi jina. Huteremka kwa njia ya moshi huohuo na kuondoka na baraka yote ya nyumba: maziwa, siagi, samaki, hata usingizi. Na siku hiyo halivuki kizingiti kaa la moto, wala chumvi, wala maziwa, wala kitu cha chuma. Anayeomba ni mchawi, anayetoa ni mpumbavu, na anayetazama huhesabiwa mmoja wa hao wawili mpaka ithibitike vinginevyo.

Walikuwapo watu wa Breandán, pale bondeni. Mwaka fulani walitangulia kuwasha. Hakuna aliyewapiga, hakuna aliyewatukana. Watu waliacha tu kuitikia salamu zao. Walihama kabla viazi havijachimbwa, na leo katika nyumba ile upupu ndio unaokaa vitini.

Ndiyo maana wote waliingoja nyumba ya padri, ile iliyo peke yake kwenye ncha ya mwamba. Baraka ya padri haiibiki. Kila Mei moshi wake ulitangulia, mwembamba, wima kama kidole cha mwalimu, ndipo dohani nyingine zikapumua. Padri mwenyewe hakuwa ameonekana kwa muda mrefu, lakini hilo halikumtia mtu wasiwasi. Jumapili watu walipiga magoti nje ya ukuta wake, wakamsikia akikohoa ndani, wakaondoka wamebarikiwa. Hakuna aliyebisha hodi. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayekwenda kuungama, na kwa dhambi alizokuwa nazo huyo mwenzake, si ajabu padri alikuwa amechoka.

Mwaka huu kidole hakikunyooka.

Gobnait alisimama dirishani, akiitazama nyumba ya padri kwa jicho moja na nyumba ya wifi yake Sibéal kwa jicho la pili, na angekuwa na la tatu angelitumia kumwangalia mtu aliyelala kitandani nyuma yake.

"Mpenzi," alisema mtu yule. "Baridi."

Hilo la kwanza ndilo neno lililomtia shaka.

Jana jioni mumewe Muiris alikuwa miambani akikata mwani wa kurutubishia viazi, wimbi likaja likamchukua kama mtu anavyochukua kofia yake msumarini. Watu walipiga kelele, wakapiga magoti, wakaanza kumsifu, maana mtu wa kule husifiwa pale tu anapokuwa hawezi kusikia. Walipofika kwenye sifa ya ukarimu, wakisitasita, akatokea upande wa pili wa mwamba akitembea kwa miguu yake, ametota, midomo ya buluu, shati limegeuka mishono nje. Alimjia Gobnait mbele ya watu wote akamwita mpenzi.

Sasa, Muiris wa miaka yote alimwita mkewe "wewe". Siku ya harusi alimwita wewe. Alipozaliwa kila mtoto, na alipoagwa kila mtoto kwenda ng'ambo, wewe. Na kila mtu pale anajua kwamba walio chini ya maji humchukua mtu na kurudisha mfano wake, na kwamba mfano huo unakosewa mahali fulani, kwenye jambo dogo, kama sweta lililofumwa na mgeni.

"Umeniita nani?" aliuliza Gobnait, hakugeuka.

"Nimekuita wewe."

"Umesema mpenzi."

"Nimesema."

Watu wale hawana neno la ndiyo wala la hapana. Ukiwauliza jambo hukurudishia kitenzi chako kama mtu anayerudisha sahani, na ni juu yako kuangalia kama imeoshwa.

"Mume wangu hakuniita hivyo hata siku moja."

"Mume wako alikuwa na haya."

"Alikuwa? Unamsemea mume wangu kama marehemu, na wewe ni nani?"

"Marehemu mtarajiwa," alisema mtu yule, meno yakigongana, "usipowasha moto."

Angewasha nini? Alikuwa amemfunika kila blanketi, magunia, hata zulia la kanisani. Alikuwa amemlalia kwa muda, jicho moja wazi. Baridi ile haikuwa ya ngozi. Ilikuwa imempanda ndani, na kucha zake zilikuwa na rangi ya kome. Bila moto mtu huyu hangeuona mchana, kama mchana ungekuja. Na kama ni Muiris, je? Na kama si Muiris, je? Kuna jambo jingine: alfajiri alikuwa amejaribu kuondoka. Aliinuka akitetemeka, akatafuta buti zake gizani.

"Niache niende kumwangalia ng'ombe."

Kila Mei, alfajiri, Muiris huenda kumwangalia ng'ombe, kana kwamba mnyama angebadilika rangi usiku. Lakini mtu aliyerudishwa na bahari jioni na kutaka kutoka alfajiri anakwenda wapi, kama si alikotoka? Gobnait alimsukuma akarudi kitandani, akazikalia buti. Alijivunia akili yake. Ndipo jua lilipofika Nundu na kukwama.

Mlango ulifunguliwa, akaingia Sibéal, dada yake Muiris, mwanamke mrefu mwenye shali ya kahawia. Hakusema "Mungu awabariki waliomo." Gobnait alilisikia pengo la salamu ile kama mtu anavyosikia ngazi iliyokosekana gizani.

"Anaendeleaje kaka yangu?"

"Anaendelea."

Sibéal alimtazama mgonjwa, kisha macho yake yakateleza hadi jikoni, kwenye kichuguu cha majivu. "Makaa yenu yako hai bado?"

"Makaa ya watu yanakuhusu nini siku ya leo?"

"Nauliza tu, wifi."

"Na mwizi huanza kwa kuuliza tu."

"Ahaa! Bado lile koleo?"

"Bado."

Lilikuwa koleo la chuma la kushikia makaa, lenye ncha kama midomo ya bata, alilokuja nalo Gobnait siku ya harusi. Ndilo alilobebea kaa la kwanza kutoka kwa mama yake. Sibéal alikuwa amelisifu mara moja, mbele ya watu. Mei moja likatoweka. Baadaye kikatoweka kigoda, kisha kifuniko cha birika, na tangu hapo mawifi wale walisalimiana kwa upande wa uso tu, kama samaki bapa.

"Washa moto, Gobnait," alisema Sibéal kwa sauti ya chini. "Atakufa huyu."

"Niwashe mimi nitangulie, wewe ufuate salama! Kwa nini usiwashe kwako?"

Sibéal alitazama sakafu. Nje, kwenye nyumba ya mkabala, pazia la Learaí lilitikisika. Learaí alikuwa amefika dirishani asubuhi ile akiwa na ndevu nyeusi. Sasa zilikuwa nyeupe hadi kifuani, na bado hakutaka kuondoka asije akapitwa na jambo.

"Huyo ni kaka yako kweli?" aliuliza Gobnait ghafla. "Mtazame. Wewe umekua naye."

Sibéal aliinama juu ya kitanda.

"Nikisema ni yeye utaniamini?"

"Sitaamini."

"Na nikisema si yeye?"

"Nitajiuliza unataka nini."

"Basi umeniuliza ya nini, mwanamke?"

Kitandani mtu yule alicheka, au alikohoa. Gobnait alichukua shali yake.

"Nakwenda kwa padri. Nitamwambia awashe. Kaa naye, na usiguse jivu langu."

Hakuna aliyewahi kwenda. Alipotoka, alihisi mapazia yote ya kijiji yakimgusa mgongoni.

*

Njia ya kwenda nchani inapita kati ya kuta mbili za mawe yaliyopangwa bila udongo, ili upepo upite na siri zipite. Siku hiyo njia ilikuwa ndefu kuliko nchi. Gobnait alitembea na mawazo yake hayakwenda naye sawasawa. Mengine yalitangulia, mengine yalikaa chini kupumzika.

Nani anamwogopa nani? Mimi namwogopa Learaí. Learaí ananiogopa mimi. Tukiwekwa kwenye mizani, mimi huku yeye kule, mkono wa mizani umeshikwa na nani?

Padri hajatuamuru tungoje. Nani alituamuru? Nakumbuka niliambiwa. Sikumbuki mdomo.

Mpenzi. Pengine mtu hubeba neno moja maisha yake yote mfukoni, likalowa, likabidi alitoe likauke.

Au ni chambo.

Pale njia inapopinda alimwona mwanamke akija kutoka mbele yake, kijana, gauni jipya linalobana kwapani, mkononi chungu kinachofuka na koleo lenye midomo ya bata. Gobnait alilijua gauni lile. Alijua hata mahali sindano ilipomchoma mshonaji. Mwanamke yule alimpita akimwangalia pembeni, kama mtu anavyomwangalia mwizi wa kuku.

"Mungu awe nawe," alisema bibi harusi.

"Mungu na Mariamu wawe nawe," aliitikia Gobnait, kwa maana huko salamu hurudishwa na nyongeza.

"Mbona mikono yako mitupu, mama?"

"Niliibiwa."

"Na nani?"

Gobnait aligeuka amwonyeshe nyumba ya Sibéal, lakini mkono ulikataa kunyooka, na alipotazama tena njiani palikuwa na harufu ya moshi peke yake, nayo ikaondoka.

Mlango wa padri haukuwa na kufuli. Ulikuwa umefungwa kwa heshima tu. Alibisha, kikohozi kikajibu. Akaingia.

Joho la padri lilikuwa msumarini, limeota ukungu wa kijani mabegani. Kiti chake kilikuwa mbele ya meko, na juu ya kiti hapakuwa na mtu, wala alama ya mtu. Kikohozi kilitoka juu, ndani ya dohani: kunguru wawili kwenye kiota cha vijiti, wakilalamikiana kama mume na mke. Hao ndio waliokuwa wakiwabariki kila Jumapili.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakusema pana mtu.

Gobnait alitaka kuketi, ila kiti kile hakuthubutu. Kando yake palikuwa na kigoda. Alikikalia, na matako yake yakakitambua kabla ya macho. Kigoda chake. Juu ya meko kifuniko cha birika lake kimegeuzwa kuwa sahani ya vibiriti. Mboji imepangwa ukutani, vipande vimeegemeana kichwa kwa kichwa kama watu wanaonong'onezana, na katika kijiji kizima ni mtu mmoja tu anayepanga mboji hivyo, na Gobnait alikuwa amemgombeza kwa ajili hiyo tangu alipoolewa. Meko imefagiwa. Ndani yake, midomo ikitazama juu, lilikuwapo koleo.

Ng'ombe! Kila Mei, ng'ombe!

Alilichukua koleo, akaliweka mapajani, akabaki hapo. Kwa hiyo walikuwa wakitii nini miaka yote? Mzee mmoja mwenye haya, na kunguru. Na leo mzee yule hakufika kwa sababu mke wake alizikalia buti. Asubuhi nzima, jua, bahari, tone la maziwa, vyote vilikuwa chini ya makalio yake.

Vibiriti vilikuwa hapo. Angewasha, kidole kingenyooka, kijiji kingepumua, angerudi mbio nyumbani kufukua makaa yake bila lawama. Alishika kibiriti. Mkono ukasita, si kwa woga wa Wale. Alikiogopa kile kiti. Kilikuwa kimemgeukia kidogo, kama mtu anayesogea ili upate nafasi. Awashaye hapa anaamua ni saa ngapi. Je, Muiris hakuwahi kujaribiwa? Kuchelewesha kidogo, kuwatia adabu kidogo, Learaí kwanza?

Kibiriti kingali mkononi, mwanga ulibadilika miguuni pake.

Jua lilikuwa limesogea.

Alikimbilia dirishani. Kule chini, moshi ulikuwa unapanda, mnene, wa kahawia, bila haya, kutoka dohani ya Sibéal. Wa kwanza. Akauona mlango wa Sibéal ukifunguka na shali ya kahawia ikipanda mteremko mbio. Punde, kutoka dohani ya Gobnait mwenyewe, ukaja wa pili.

Wa pili ni salama. Wifi yake alikuwa ameupanga hivyo.

*

Aliposhuka, dohani zote zilikuwa zikivuta kama wazee kwenye harusi, na watu walikuwa nje ya milango yao wakiitazama nyumba ya Sibéal namna watu wanavyotazama kaburi lililochimbwa tayari. Alificha koleo chini ya shali. Hakumwitikia mtu.

Ndani, Muiris alikuwa kitini mbele ya moto, miguu karibu kuungua, mvuke ukimtoka mabegani. Mfano wa mtu haustahimili moto. Huyu alikuwa anauegemea. Sibéal alikuwa amepiga magoti akichochea kwa kijiti.

"Wewe," alisema Muiris, hakugeuka. "Funga mlango. Unataka kuipasha moto bahari?"

Moyo wa Gobnait ukaketi chini.

"Nimegusa jivu lako," alisema Sibéal. "Nimeanza kwangu, ndipo nikaja kwako. Usije ukasema nimekuletea mkosi."

"Wamekuona."

"Wameniona. Learaí nusura aanguke na dirisha lake." Alicheka, akachochea tena.

Gobnait alitoa koleo chini ya shali. Sibéal alilitazama, na rangi ikampanda.

"Ni lile?"

"Ni lile."

"Lilikuwa wapi?"

Muiris aliutazama moto kwa bidii kubwa, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

"Kwa padri," alisema Gobnait. "Na hakuna padri, wifi. Kuna joho, na kuna kunguru wanakohoa. Muulize kaka yako, mwangalia ng'ombe."

Ilichukua muda Sibéal kufika kwenye maana. Alipofika, alimpiga kaka yake kofi la bega, la upole kuliko alivyokusudia.

"Padri mzee alikufa kwenye kiti chake, nikamzika mwenyewe," alisema Muiris. "Nikafikiri: nikisema kiti ni kitupu, kesho Learaí atakuwa amekikalia. Nikaona heri wafuate moshi. Moshi haupandishi mabega."

"Na mimi nikawa mwizi," alisema Sibéal.

Muiris alizivuta buti zake karibu na moto.

Nje, mguu kwa mguu, watu walikuwa wamesogea hadi ukutani. Gobnait alilisikia jambo ambalo wifi yake atalisikia kuanzia kesho: ukimya mahali pa salamu. Akafungua mlango wazi, pande zote mbili. Akasimama kizingitini, akaliinua koleo juu ili jua, lililokuwa sasa na haraka, liling'arishe.

"Sibéal! Chukua. Ni lako."

"Leo? Chuma?"

"Leo. Chuma. Wanatazama, chukua."

Sibéal alilitazama koleo, akautazama ukuta uliojaa vichwa. Kisha akavuka kizingiti akalipokea mbele yao wote.

"Lete basi," alisema kwa sauti ya kufika bandarini. "Miaka yote nimekuwa mwizi mikono mitupu. Angalau sasa nifanane na sifa zangu."

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Baraka ya nyumba mbili ilikuwa imemwagika mchana kweupe, na hakuna aliyejua aache kumsalimu nani kwanza. Learaí, akiwa amezikunja ndevu zake mkononi zisikanyagwe, alipaza sauti.

"Gobnait! Tumekuona ukitoka kwa padri. Anasemaje?"

Gobnait alisikia kiti kikiburuzwa, mbali, kwenye ncha ya mwamba, kikimjia. Chochote atakachosema sasa kitakuwa sheria. Angeweza kusema padri amemsafisha Sibéal. Angeweza kusema mwakani aanze Learaí. Ulimi wake ulilionja neno hilo, nalo lilikuwa tamu kama siagi. Nyuma yake Muiris alikuwa ameacha kukohoa.

"Nendeni mkamuulize wenyewe," alisema Gobnait. "Mlango hauna kufuli."

Wakageuka wote kuitazama nyumba ile. Wakatazamana. Fulani alimsukuma fulani kwa kiwiko. Learaí akasema vijana watangulie. Vijana wakasema wazee kwanza, ni heshima.

Zizini tone la maziwa lilidondoka. Kunguru wa ukutani akapata mlio wake, ukafanana sana na kikohozi, na watu wote pale ukutani, kwa mazoea, wakavua kofia.